Zima Kwanza: Miaka Thelathini na Mmoja Mbele ya Vioo

Leo Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi jioni, fundi wetu mkuu wa umeme wa matangi ya samaki atavua koti lake la kazi na kulitundika kwenye msumari wake wa siku zote. Jumatatu hatakuja kulichukua. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku chache katika duka na karakana hii. Aliingia akiwa na miaka ishirini na tisa, nywele nyeusi tii, na begi la vifaa aliloazima kwa kaka yake. Anaondoka akiwa bibi wa wajukuu watano, nywele zimekuwa rangi ya jivu, na kaka yake bado anauliza begi lake liko wapi.

Jina lake halisi litasomwa kwenye cheti. Humu ndani hakuna anayelitumia. Ni Mama Zimakwanza, basi. Hata mumewe, mpiga chapa mstaafu na mtu wa heshima zake, akipiga simu ofisini humwulizia kwa jina hilo hilo. Limetokana na maneno mawili aliyoyasema kila siku ya kazi: kabla mkono wa mtu haujagusa maji ya tangi, zima kwanza, plagi itoke ukutani. Ameyasema kwa mafundi, kwa wateja, kwa watoto wa wateja, kwa meneja. Mara moja aliyasema kwa mgeni rasmi aliyekuja kufungua tawi letu, akakunja mkono wa koti ili apigwe picha akimgusa samaki. Mgeni aliurudisha mkono mfukoni kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari, na picha iliyotoka siku ile inamwonyesha akiwa amesimama wima sana.

Kwa wasioijua kazi yetu, niseme kidogo. Mtu anataka samaki sebuleni. Samaki wanataka hewa, mwanga na joto, na vyote hivyo huletwa na umeme: pampu, taa, na hita, lile bomba la kioo linalolala ndani ya maji likiyapasha. Maji na umeme ni ndugu wawili wasioelewana, na sisi tunalipwa kuwapangisha chumba kimoja. Mama Zimakwanza aliwapangisha kwa miaka thelathini na mmoja bila ugomvi kutoka nje ya kioo.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuubadilisha kwa mteja tajiri wala maskini. Soketi ya tangi lazima iwe na breka ya usalama, ile inayokata umeme yenyewe mara tu unapovuja. Ndani ya maji lazima kuwe na kijiti cha ardhi, yaani kijiti cha madini kisichoota kutu, kilichofungwa kwenye waya wa ardhi wa nyumba. Umeme ukipotea njia ndani ya maji, unapita kwenye kijiti, na breka inahisi na kukata, kabla mtu hajaingiza mkono na kuwa njia yeye. Na kila waya unaotoka kwenye tangi lazima uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji likiteremka nao lidondoke sakafuni, lisiingie ukutani. Mning'inio huo aliuita kitambi. Waya usio na kitambi, alisema, ni waya wenye njaa, utakunywa chochote. Alipokuwa akiwafundisha wageni wa kazi alikuwa akimwomba meneja asimame pembeni kama mfano, na meneja, Mungu ambariki, alikuwa akisimama.

Lakini ukiniuliza ninamkumbuka vipi hasa, sitakwambia habari za nyaya. Nitakwambia namna alivyokaa.

Kazi ikiisha, vifaa vikiwa vimerudi begini, Mama Zimakwanza aliomba taa za sebule zizimwe, ibaki ile ya tangi peke yake. Kisha alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono mapajani, kwa dakika kumi. Ukuta uligeuka buluu, dari ikaanza kucheza vivuli vya maji, viti na makabati vikaonekana kama vimezama zamani na kusahaulika. Pampu ilinong'ona. Hita iliwaka kwa mlio mdogo, ikazima, ikawaka. Samaki waliojificha wakati wa kelele walitoka mmoja mmoja, wakaja hadi kwenye kioo kumtazama. Mteja mmoja alidhani anasali, akavua kofia. Mwingine alidhani amezimia, akaita jirani. Wa tatu alimkuta amefumba macho, akamfunika shuka na kuwaambia wanawe wanyamaze, fundi amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa akisikiliza. Alituambia kwamba mita inasema ukweli kwa namba, lakini samaki hana pa kukimbilia, kwa hiyo yeye hujua mapema kuliko mita. Samaki wakitulia, ndipo aliposimama na kumkabidhi mwenye nyumba karatasi ya kazi.

Sisi tuliomfuata tulijifunza kukaa hivyo. Mwanzoni unaona unapoteza muda. Baadaye unagundua kwamba siku nzima hukuwa umepumua vizuri hadi dakika zile kumi.

Alikuwa pia mwotaji mkubwa, na asubuhi zetu zilianza na ndoto zake. Chupa ya chai ilipowekwa mezani, dereva aliuliza jana tulisafiri wapi, naye akasimulia. Ndoto yake maarufu kuliko zote ni ya mtaa mzima uliojaa maji hadi darini, polepole, bila mtu kuumia. Yeye alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na begi lake, akitembea kwa urahisi kama anayeelea. Kwenye makochi walikaa samaki, baba na mama na watoto, wakitazama tangi lililowekwa sebuleni. Ndani ya tangi mlikuwa na familia ndogo ya watu wakila chakula cha jioni. Samaki baba alimwomba akague waya. Aliinama, akaona hauna kitambi. Aliamka amekasirika, na siku ile hatukupata raha hadi mchana.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na tangi nyumbani. Tulimtania sana kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Alijibu kwamba akiliweka nyumbani hatalala, atakuwa anasikiliza tu, na tayari ana mume anayekoroma kama pampu mbovu.

Sasa nifike kwenye mafanikio, maana meneja amenikumbusha kwamba huu ni wasifu wa kusomwa mbele ya wageni. Mama Zimakwanza amefunga na kukagua matangi mengi kuliko fundi mwingine yeyote katika historia ya duka hili. Amefundisha mafundi ishirini na saba, na watatu kati yao wamefungua karakana zao. Kijitabu kidogo cha kurasa nane tunachompa kila mteja pamoja na samaki wake amekiandika yeye, na michoro ya vitambi ni ya mkono wake. Na kuna sentensi moja ambayo meneja alitaka iwe katikati ya ukurasa kwa herufi kubwa: kwamba kwa miaka thelathini na mmoja, hakuna mteja wetu hata mmoja aliyewahi kudhuriwa na maji ya tangi lake.

Sentensi hiyo ni kweli. Niliiandika, kisha kalamu ikakwama, kwa sababu mimi najua jinsi ilivyokaribia kuwa uongo, na najua aliyeikaribisha huko. Ni mimi.

Ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita, Jumatano, msimu wa baridi. Nilikuwa na miezi minane tu humu ndani. Lakini nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na mtoto, na nyuma yangu nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kutengeneza redio, kwa hiyo nilijiona nimemaliza umeme wote wa dunia. Simu ilitoka kwa mteja wetu wa zamani, mjane anayeshona nguo nyumbani, tunayemwita Bibi Mshonaji. Breka ya tangi lake ilikuwa inakata, ukiirudisha inakata tena. Nilitumwa peke yangu.

Bibi Mshonaji alikuwa na samaki mmoja tu, mweusi mwenye madoa mekundu, mkubwa kama kiganja, aliyeachwa na marehemu mumewe. Alimwita Mpangaji. Kila siku saa kumi na moja jioni, kipindi cha salamu kilipoanza redioni, Bibi alikunja mkono wa gauni, akashika kipande cha mnofu kwa vidole viwili, akauzamisha mkono hadi kwenye kifundo, na Mpangaji akaja kukichukua taratibu. Alifanya hivyo akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, na hakuwahi kuzima kwanza. Aliambiwa mara mia, akaitikia ndiyo mwanangu mara mia. Alisema taa ikizimwa Mpangaji haoni mkono, anaweza kudhani ni mkono wa mtu mwingine. Ndiyo maana nyumba ile Mama Zimakwanza aliifunga kwa uangalifu kuliko zote. Mtu akishindwa kubadilika, alisema, tubadilishe nyumba yake.

Nilipofika, maji yalikuwa yamepoa na Mpangaji amelala chini, anapumua kwa tabu. Bibi alikuwa karibu na machozi. Aliniambia huyu ndiye aliyebaki kati yake na mumewe, nisimwache afe. Nilirudisha breka, ikakata. Nilichomoa kijiti cha ardhi kutoka majini, breka ikatulia. Nikaona nimempata mchawi: kijiti ndicho kinachosumbua. Baada ya robo saa breka ikakata tena. Hapo nikachoka. Nikaitoa plagi kwenye soketi yenye breka, nikaichomeka kwenye soketi ya zamani nyuma ya cherehani, ambayo haikuwa na breka yoyote. Hita ikawaka. Mpangaji akapanda juu. Bibi akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua, nami nikarudi karakana nikipiga mluzi.

Katika karakana yetu kuna desturi aliyoianzisha Mama Zimakwanza: fundi akirudi kutoka kazini humwaga begi lake juu ya meza, mbele ya wenzake, kabla ya kunywa maji. Nilimwaga langu saa kumi na moja kasorobo. Kati ya bisibisi na koleo kikabingirika kijiti cha ardhi, bado kibichi, kina uzi wa mwani wa kijani. Mama Zimakwanza alikitazama, akaniuliza ni cha nyumba gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba kilikuwa kinasumbua breka. Akauliza plagi iko wapi. Nikamwambia. Akatazama saa ya ukutani, na sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kimya kimya namna ile.

Alipiga simu. Iliita hadi ikakata. Cherehani ikikimbia na redio ikiwa juu, Bibi hasikii simu. Dereva alikuwa ametoka na gari. Mama Zimakwanza akanyakua begi lake la vifaa na vipuri, akatoka mlangoni na ndala za karakana, mimi nyuma yake na kijiti mkononi.

Kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini. Tulikimbia. Tulipita duka la mikate, tukapita dobi anayeanika mashuka, tukafuata ukuta mrefu wa shule ambao siku ile ulikataa kuisha. Jua lilikuwa laini, watu walikuwa wanarudi nyumbani polepole, mwanamke mmoja alikuwa anamwagilia maua, na mimi nilikuwa nawapita wote kama nimo katika ndoto ya mtu mwingine, ile ya miguu kukimbia na njia kubaki pale pale. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikuwa nimeshaelewa. Breka ilikuwa inakata kwa sababu umeme ulikuwa unavuja ndani ya maji, na mimi nilichofanya ni kumziba mdomo shahidi na kumfukuza mlinzi. Umeme ulikuwa bado umo mle, unasubiri njia. Saa kumi na moja njia hiyo ingekunja mkono wa gauni.

Mama Zimakwanza hakwenda mlangoni. Alizunguka nyumba hadi kwenye sanduku la mita, akashusha swichi kuu. Ndani, redio ilikuwa imeshaanza salamu. Ikanyamaza katikati ya jina la mtu.

Tukabisha. Hakuna aliyejibu. Nimekaa mbele ya vioo vya watu maelfu ya dakika tangu siku ile, lakini dakika ile moja ya mbele ya mlango ndiyo ndefu kuliko zote. Kisha tukasikia miguu pekupeku. Bibi Mshonaji akafungua, mkono wa kulia wa gauni umekunjwa hadi kiwiko, kipande cha mnofu kiko kati ya vidole. Aliwatukana watu wa umeme kwa adabu zao mbovu, kwamba wamekata hata hajamlisha mpangaji wake. Mimi sikumsikia vizuri. Nilikuwa nautazama mkono. Ulikuwa mkavu.

Mama Zimakwanza alimsalimia, akampa pole kwa kukatikiwa na umeme, akamwomba chai. Bibi alipokuwa jikoni akihangaika na jiko lake la mafuta, alinituma nikawashe swichi kwa muda mfupi, akaweka ncha moja ya mita majini na nyingine kwenye waya wa ardhi, akaniamuru nisome namba kwa sauti ya chini. Nilisoma volti mia mbili na kumi. Tukazima. Tukaitoa hita. Kioo chake kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yetu ufa usipoonekana, hujengi ukuta, unachimba kaburi.

Tukaweka hita mpya, kijiti kikarudi majini, plagi ikarudi kwenye breka yake, swichi kuu ikapandishwa. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa elimu yangu yote ya redio, nisingeliwaza. Alifunga taa ndogo ya betri nje ya kioo, ili mkono uonekane hata plagi ikiwa nje. Akamwambia Bibi, "Sasa zima kwanza, mama yangu. Mpangaji atakuona." Bibi akazima, akawasha kitaa, akaingiza mkono. Mpangaji akaja. Kuanzia siku hiyo Bibi Mshonaji ni miongoni mwa wateja wetu watiifu.

Tulikaa dakika kumi, sote watatu, vikombe mikononi. Dari ilicheza vivuli. Nililia kidogo, na kwa kuwa chumba kilikuwa buluu hakuna aliyeona, au waliona wakaninyamazia.

Njiani kurudi, Mama Zimakwanza alisema maneno machache tu: "Breka ikikataa, kuna kitu inakuambia. Isikilize. Na Jumatano ijayo utakwenda mwenyewe kumwangalia." Kwenye daftari la kazi aliandika kwamba hita ilipasuka, imebadilishwa, mafundi wawili. Hakuniripoti, hakunitania, hakuligusia tena hata siku moja. Nilipopandishwa cheo, yeye ndiye aliyenipendekeza. Ile hita yenye ufa iko kwenye droo yangu. Kila fundi mpya nimemwonyesha na kumwambia habari za fundi mmoja wa zamani. Kuanzia leo sitasema fundi mmoja.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alizungusha kikombe chake. Akasema niandike, ila Bibi Mshonaji asomewe akiwa amekaa.

Basi Bibi, umekaa. Uko mstari wa mbele, una miaka themanini na mitano, Mpangaji wako wa tatu anakusubiri nyumbani, na kwa miaka kumi na saba umekuwa ukiwalaumu watu wa umeme kwa kukukatia salamu katikati. Hawakuwa wao. Wasamehe. Nami nisamehe, ninaomba hivyo mbele ya watu wote.

Na wewe, Mama Zimakwanza, tunakushukuru kwa kila plagi uliyochomoa na kila kitambi ulichokikunja. Binafsi nakushukuru kwa ndala zile na mbio zile, na kwa siri uliyonibebea hadi nikapata nguvu ya kuibeba mwenyewe. Tunakuombea usingizi mrefu, ndoto zenye maji ya kutosha, na asubuhi ambazo hakuna simu inayokuita. Mumeo ameshafuta vumbi kwenye ukuta wa sebule yenu kwa sababu unayoiona hapo mbele: tangi lako la kwanza, zawadi ya karakana nzima. Breka ipo, kijiti kipo, nyaya zote zina vitambi kumzidi meneja. Tumekagua mara tatu ili wewe usikague hata mara moja. Dakika kumi za leo tutasikiliza sisi. Wewe kaa tu.

Na samaki wako atalishwa mara ya kwanza na Bibi Mshonaji, kwa mkono ule ule wa kulia. Plagi iko nje, Bibi. Kunja mkono wa gauni.